Ilani Bila Sababu: Historia ya Habari za Msongamano Nairobi

Ilani ya msongamano wa magari ikikamilika hubeba mambo matatu: mahali, ukubwa wa tatizo na sababu yake. Kwenye barabara za Nairobi, hasa zile zinazotoka katikati ya jiji kuelekea Westlands, Kileleshwa, Lavington, Kangemi na Dagoretti, jambo la tatu ndilo linalokosekana mara nyingi zaidi. Skrini ya kifaa cha kuelekeza njia huchora mstari mwekundu, au pembetatu yenye alama ya mshangao, au hutoa sauti inayosema jambo kwa lugha ambayo dereva haijui, kisha ikanyamaza. Dereva anajua kuna kitu mbele. Ni kitu gani, hajui. Hali hii haikuletwa na setilaiti. Imekuwapo tangu magari yaanze kuzuiana njia, na kilichobadilika kila mara ni anayetoa habari, anayezipokea, na kiasi ambacho wawili hao wanaifahamu barabara ileile.

Umbo la mji lenyewe ndilo mzazi wa msongamano huo. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha Reli ya Uganda kwenye tambarare yenye majimaji, na barabara zake za kwanza zilikuwa za mikokoteni; upana wa Kenyatta Avenue huelezwa hadi leo kwa haja ya kugeuza mkokoteni unaovutwa na msururu wa maksai. Upande wa magharibi ardhi inapanda kwa migongo mirefu iliyotenganishwa na mito midogo, miongoni mwake Mto Nairobi na Kirichwa. Wazungu walijenga nyumba zao juu ya migongo hiyo, barabara zikafuata migongo, na madaraja ya kuunganisha mgongo mmoja na mwingine yakawa machache. Kwa hiyo gari moja likiharibika kwenye kivuko cha mto kule Riverside, foleni inaonekana Kileleshwa, mahali ambapo hakuna chochote kilichoharibika.

Jambo la pili ni Uhuru Highway. Mpango mkuu wa jiji wa mwaka 1948, ulioandikwa na L. W. Thornton White na wenzake wawili, ulitaka reli iondolewe katikati ya mji. Ilipohamishwa, mkondo wake wa zamani ukapewa barabara pana iliyobeba jina la Binti Mfalme Elizabeth kabla ya kuitwa Uhuru. Mji ukapata njia moja kuu ambayo lori la Mombasa linalokwenda Nakuru au Kampala lililazimika kuipita pamoja na mtumishi wa ofisi anayerudi nyumbani Lavington. Njia hiyo ilikatwa na mizunguko iliyofuatana: Bunyala, Haile Selassie, Kenyatta Avenue, University Way, Museum Hill, kisha Westlands. Mizunguko ilifaa mji wa magari machache. Yalipoongezeka, kila mmoja ukawa kizibo cha mwenzake.

Ilani za zamani zaidi zilizotumika kwenye njia hizi hazikuwa na neno hata moja. Matawi ya mti yaliyotandazwa lamini, hatua kadhaa nyuma ya lori lililokwama kwenye mlima wa Waiyaki Way, yalitosha kumwambia dereva apunguze mwendo. Gari linalokuja upande wa pili likimulika taa mara mbili, maana yake kuna askari mbele, au ajali, au ng'ombe barabarani. Sheria baadaye iliwataka madereva wabebe pembetatu za kuakisi mwanga, lakini matawi hayakutoweka, kwa kuwa mti uko karibu na haununuliwi. Ishara hizi nazo hazikutaja sababu. Tofauti yake na mstari mwekundu wa leo ni kwamba aliyezitoa alikuwa amekiona kitu chenyewe dakika moja au mbili zilizopita, na aliyezipokea alijua mambo mawili matatu ambayo ishara hiyo ingeweza kumaanisha. Dereva wa matatu alikuwa stadi kuliko wote katika lugha hiyo. Tangu mwaka 1973, Rais Jomo Kenyatta aliporuhusu matatu zibebe abiria bila leseni zilizotakiwa awali, mtandao wa habari wa madereva na makanga ulikua pamoja na biashara yenyewe, na mpaka leo ndio unaomfanya dereva wa Kangemi akate kona ghafla kuingia barabara ya vumbi bila kumweleza abiria chochote.

Kwenye mizunguko, habari zilikuwa mikononi mwa askari wa trafiki. Taa za kuongozea magari zilikuwapo, na katikati ya miaka ya 2010 ziliwekwa taa mpya zenye kuhesabu sekunde pamoja na kamera, lakini saa za asubuhi na jioni askari aliendelea kusimama katikati na dereva akaendelea kumtazama yeye, si taa. Kazi hiyo si ya kudharauliwa. Askari huona foleni inayoelekea kwake na, kwa redio ya mkononi, husikia ya mwenzake wa mzunguko unaofuata, hivyo anaweza kuufungua upande mmoja kwa muda mrefu ili kuuokoa mzunguko mwingine. Kasoro ni kwamba uamuzi wake hauonekani na waliozuiwa. Wanaokaa dakika kumi University Way bila kusogea huona tu mgongo wa koti lake.

Redio ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuunganisha mahali na sababu kwa watu wengi kwa wakati mmoja. Sauti ya Kenya, na baadaye KBC, zilishikilia mawimbi hadi miaka ya 1990. Capital FM ilipoanza mwaka 1996, kisha vituo vingine vya binafsi vikafuata, vipindi vya asubuhi na jioni vilihitaji jambo la kumfanya mtu aliyekwama garini asibadilishe kituo. Hali ya barabara ilifaa. Simu za mkononi ziliposambaa baada ya Safaricom na KenCell kuanza kugombea wateja mwaka 2000, msikilizaji aliyekwama akageuka kuwa mwandishi wa habari: alituma ujumbe mfupi, mtangazaji akausoma, na maelfu wakajua kwamba Ngong Road imefungwa na lori lililomwaga mchanga karibu na Adams Arcade. Ubora wa habari hizo ulikuwa wa kubahatisha. Ziliegemea mahali wenye simu na subira ya kuandika walikokuwa, yaani magharibi mwa jiji kuliko mashariki.

Hapo kukatokea kikwazo ambacho historia za utangazaji hukisahau: magari mengi hayakuweza kuvishika vituo hivyo. Biashara ya nje ilipolegezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, magari ya mtumba kutoka Japani yalianza kumiminika bandarini Mombasa. Yalikuwa na usukani upande wa kulia kama sheria ya Kenya inavyotaka, yalikuwa yametunzwa, na bei yake ilimfikia mwalimu na mfanyabiashara mdogo. Shirika la Viwango la Kenya likaweka kiwango kinachokataza gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane, na kanuni hiyo ikageuka kuwa ratiba: gari linalouzwa leo kwenye yadi za Ngong Road au Kilimani ni lile lililotembea Osaka au Nagoya miaka saba iliyopita. Vitz, Probox, Fielder, Demio, Note na Fit zikawa sura ya barabara. Hata barabara yenyewe ina mkono wa Mjapani: sehemu ya kwanza ya kupanuliwa kwa Ngong Road, kuanzia karibu na Maktaba ya Kitaifa, ililipiwa kwa msaada wa serikali ya Japani.

Lakini redio za Japani zilitengenezwa kwa masafa ya FM ya megahezi 76 hadi 90, na vituo vya Nairobi viko kati ya 88 na 108. Mwenye gari jipya la mtumba alibaki na vituo viwili vitatu mwanzoni mwa masafa, na Capital, iliyo kwenye 98.4, haikuwamo. Mafundi wa Kirinyaga Road, ambayo wengi bado huiita Grogan, walikuwa na tiba: kijisanduku kidogo kinachofungwa kati ya waya wa antena na redio, ambacho hushusha masafa yote kwa kipimo maalumu. Kikishusha kwa megahezi 12, 98.4 husikika kwenye 86.4. Dereva alilazimika kukariri hesabu hiyo, au kubahatisha, na vituo vya juu kabisa bado vilimkwepa. Habari za msongamano zilikuwepo angani, gari lilikuwepo barabarani, na kati yao palikuwa na tofauti ya viwango vya nchi mbili.

Kifaa cha kuelekeza njia kilikuja na magari hayohayo, na hapa ndipo ilani zisizoeleweka zilipoanza kwa maana kamili ya neno. Japani ilitangulia dunia katika vifaa hivi. Honda iliuza mwaka 1981 kielekezi kilichotumia gyro, yaani kihisi cha kugeuka kwa gari, kwa sababu setilaiti za GPS hazikuwa tayari kwa kazi hiyo, na Eunos Cosmo ya Mazda ya mwaka 1990 ilikuwa na GPS ndani yake. Mwaka 1996 Wajapani walianzisha VICS, huduma ya kupeleka habari za msongamano moja kwa moja kwenye skrini ya gari. Habari zilikusanywa na polisi na wasimamizi wa barabara, zikapitishwa kwa mawimbi ya FM na kwa minara midogo ya redio na ya miale isiyoonekana kandokando ya barabara, na zilitaja ajali, ujenzi na njia zilizofungwa. Kwa mwenyeji wa Tokyo, ilani ilikuwa na sababu yake. Mwaka 2001 ukaongezwa mfumo wa ETC wa kulipia barabara kuu bila kusimama, kwa kadi inayochomekwa kwenye kijisanduku ndani ya gari.

Ulaya nayo ilifuata njia yake mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa mfumo wa TMC, ambao unastahili kuelezwa kwa sababu unaonyesha sababu inavyopotea. Ujumbe wa TMC hausafiri kama sentensi. Ni namba zinazopenyezwa ndani ya mawimbi ya kituo cha FM: namba ya tukio kutoka orodha isiyozidi 2,048, namba ya mahali kutoka jedwali la nchi husika, pamoja na mwelekeo na urefu wa tatizo. Kifaa ndicho kinachozigeuza namba hizo kuwa maneno kwa lugha ya dereva, hivyo Mhispania hupata habari za Munich kwa Kihispania. Ni ubunifu mzuri sana, ila kila kitu kinategemea jedwali. Jedwali likichakaa, tukio linaweza kuonyeshwa pasipo pake; lisipokuwapo, namba hazina maana yoyote.

Gari la Kijapani lililoshushwa Mombasa limekatwa kutoka kwenye mfumo mzima wa namna hiyo. Setilaiti zinaonekana, kwa kuwa GPS ni ya dunia nzima, na tangu Marekani ilipoacha kuharibu kwa makusudi ishara ya kiraia mwezi Mei 2000, kosa la mahali lilishuka kutoka takriban mita 100 hadi mita chache. Kifaa kinajua kabisa kiko karibu na ikweta. Kinachokosekana ni ramani, maana iliyomo ni ya visiwa vya Japani peke yake. Kutegemea aina ya kifaa, gari huonyeshwa likielea kwenye rangi tupu au hubaki limeganda mahali pa mwisho lilipojulikana. Sehemu ya skrini iliyotengewa VICS hubaki tupu. Hata hivyo kifaa hakinyamazi. Gari likiwashwa hutangaza tarehe, au humweleza dereva kwa Kijapani cha adabu sana kwamba kadi ya ETC haijachomekwa. Maelfu ya abiria wa teksi Nairobi wamelisikia tangazo hilo na kulichukulia kuwa sehemu ya mlio wa injini. Wenye magari hujaribu kulitafsiri kwa kukisia: wengine hudhani linaonya kuhusu mkanda wa usalama, wengine kuhusu mafuta.

Saa ya kifaa nayo husomeka vibaya, kwa kuwa hujirekebisha kwa setilaiti kufuata saa za Japani, ambazo ziko saa sita mbele ya zile za Afrika Mashariki. Katika jambo hili moja Mswahili amepata zawadi ambayo fundi wa Tokyo hakuikusudia. Saa sita ndiyo tofauti iliyopo kati ya saa ya Kizungu na hesabu ya Kiswahili, kwa hiyo jua likishachomoza Nairobi na redio kusema ni saa moja ya asubuhi, skrini ya Kijapani iliyowekwa kwenye mtindo wa saa 12 huandika 1:00. Magari mengine hayajarekebishwa saa kwa sababu hiyo hiyo.

Kwenye Toyota za miaka ya 2010 lilijitokeza tatizo zito zaidi. Redio na ramani viliwekwa kwenye kifaa kimoja, na ramani ikahifadhiwa kwenye kadi ndogo ya SD. Kadi ikipotea au betri ikikatwa, kifaa chote hujifunga na kuonyesha ilani ya Kijapani inayotaka kadi sahihi au namba ya siri. Wanaofungua vifaa hivi kwa malipo sasa ni kundi la kudumu miongoni mwa mafundi wa katikati ya jiji, pamoja na wale wanaoving'oa na kuweka skrini za Android kutoka China. Hao wa mwisho ndio wanaoshinda. Skrini ya Android huunganishwa na intaneti ya simu, na kwayo gari la Nagoya hatimaye hupata ramani ya Nairobi.

Kabla ya hapo, Nairobi ilikuwa imeanza kujitengenezea mfumo wake. Kampuni ya intaneti ya AccessKenya iliweka kamera kwenye makutano ya jiji na kuonyesha picha zake mtandaoni. Mtu wa ofisini angeweza kutazama Museum Hill kabla ya kushuka ngazi. Picha zilikuwa hafifu, lakini zilikuwa ushahidi: kama basi limelala kwenye mzunguko, linaonekana. Nyaya za baharini zilipofika pwani ya Kenya mwaka 2009, intaneti ikawa rahisi kwa simu za kawaida, na mwaka 2012 Laban Okune alianzisha Ma3Route, huduma iliyokusanya taarifa za wasafiri kwa ujumbe mfupi, kwa programu ya simu na, zaidi ya yote, kwa Twitter. Huko sababu ilirudi kwa kishindo. Taarifa zilitaja lori, matatu iliyopanda ukingo, mafuriko, wachuuzi waliomwagika barabarani baada ya kufukuzwa na askari wa jiji, na mara nyingi ziliambatana na picha na matusi kiasi.

Lugha ya taarifa hizo iliwatenga wageni kwa namna yake. Ilitumia alama ambazo ramani ya kampuni ya kigeni haikuwa nazo, au ilikuwa nazo kwa majina mengine: Kawangware 46, Congo, Yaya, Valley Arcade, Dagoretti Corner, Safaricom House, ABC, Mountain View, Uthiru. Baadhi ya alama zilidumu baada ya kitu chenyewe kutoweka. Jengo la Ukay pale Westlands lilibomolewa Agosti 2018 kwa madai ya kuziba mto, lakini jina lake liliendelea kuelekeza watu. Kwa mwenyeji, ilani ya aina hii hujieleza. Kwa mgeni ni fumbo kama la sauti ya Kijapani.

Mwaka 2013 kulikuwa na jaribio la kuvutia ambalo limesahaulika mapema mno. Kampuni ya IBM, ambayo miaka miwili kabla ilikuwa imeiweka Nairobi nafasi ya nne kwa adha ya safari kati ya miji 20 iliyochunguzwa, ilifungua maabara ya utafiti katika Chuo Kikuu Katoliki cha Afrika Mashariki kule Lang'ata. Mojawapo ya kazi zake iliitwa Twende-Twende. Ilichukua picha za kamera za AccessKenya, ikasoma wingi wa magari kutoka kwenye picha hizo duni, kisha kwa hesabu ya mtiririko ikakadiria hali ya barabara ambazo hazikuwa na kamera yoyote, na kumtumia dereva ushauri kwa simu. Wazo lilikuwa la busara, kwa kuwa mji usio na vihisio barabarani haungeweza kungoja kuvinunua. Lakini hapo ndipo ilani ilipoacha kuwa ushuhuda. Barabara ya Kileleshwa ilitangazwa kuwa imejaa bila mtu yeyote wala kamera yoyote kuiona. Ilikuwa imejaa kwa sababu hesabu ilisema lazima iwe imejaa.

Ramani za simu zilikamilisha mabadiliko hayo. Google, ambayo mwezi Juni 2013 ilinunua Waze, hupima msongamano kwa mwendo wa simu zilizomo ndani ya magari. Simu nyingi zikitembea polepole kwenye kipande cha barabara ambacho kwa kawaida hupitika haraka, kipande hicho hugeuka rangi ya machungwa, kisha nyekundu, kisha nyekundu iliyoiva. Mashine haihitaji kujua sababu ili ichore rangi, na ndiyo maana inaweza kufanya kazi mahali popote duniani bila ofisi ya kukusanya habari. Sababu hupatikana tu ikiwa dereva mmoja atabonyeza alama ya ajali au ya askari. Jijini Nairobi, mwenye simu dashibodini huku dirisha liko wazi ana jambo jingine la kuhofia, nalo ni mwizi wa simu.

Matokeo yake ni ilani ambazo mwenyeji huzieleza kwa urahisi na mashine haiwezi. Wekundu wa Kangemi jioni ni steji, soko na watu wanaovuka barabara. Wekundu unaokuja na kupotea kila baada ya dakika chache karibu na University Way ni askari anayebadilisha mkono, na kwa kuwa kipimo hukusanywa kwa dakika kadhaa, rangi inayoonekana huenda ni ya mkono ulioachiliwa tayari. Rangi ya kijani nayo ina hila zake. Bodaboda hupenya katikati ya magari yaliyosimama, na simu ya mwendeshaji wake husafiri kwa kasi ambayo hakuna gari lingeweza. Mwaka 2018 Google ilileta Kenya hali maalumu ya pikipiki kwenye ramani zake, jambo lililokiri kwamba safari za bodaboda na za magari ni mambo mawili. Madereva walilijua hilo siku zote.

Mwaka 2015 ulizijaribu ramani hizi kuliko miaka mingine. Gavana Evans Kidero aliagiza mapipa yapangwe kwenye mizunguko ya Uhuru Highway ili kuzuia magari yasikate kulia, na kwa wiki kadhaa vifaa viliendelea kuwaambia madereva wapinde mahali palipojaa mapipa. Mwezi Julai Rais Barack Obama alizuru, na polisi wakatangaza mapema barabara zitakazofungwa. Wakazi wengi walikaa nyumbani na jiji likawa tupu kwa namna isiyozoeleka. Novemba Papa Fransisko aliongoza misa katika Chuo Kikuu cha Nairobi tarehe 26, na kesho yake akaenda Kangemi kuwatembelea wakazi wa kitongoji hicho katika kanisa la Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Ziara kubwa namna hii hutangazwa. Msafara wa kila siku wa rais wa nchi hautangazwi, kwa sababu za usalama, na Ikulu iko palepale kati ya mji na vitongoji vya magharibi. Barabara hufungwa ghafla, foleni hurudi nyuma hadi Lavington, kisha dakika ishirini baadaye hakuna alama ya lolote. Kifaa hakina namba ya tukio hilo. Dereva wa teksi husema tu, "Ni mkubwa anapita," na huwa amepatia.

Kuna hali nyingine ambayo hupotosha zaidi. Barabara iliyofungwa kabisa haina magari, kwa hiyo haina simu, na mashine isiyopokea kipimo chochote hukosa cha kuchora au hurudia makadirio ya siku za kawaida. Tarehe 25 Juni 2025, siku ya kumbukumbu ya waandamanaji waliouawa mwaka mmoja kabla, polisi walifunga njia za kuingia katikati ya jiji na kutandaza seng'enge kuzunguka Bunge na Ikulu. Tarehe 7 Julai, siku ya maandamano ya Saba Saba, vizuizi vilisogezwa mbali zaidi na mapambano yakafika Kangemi. Siku kama hizo mstari mwekundu unaweza kuonekana nje ya kizuizi, na ndani yake barabara ikaonekana shwari, kumbe haipitiki. Walioepuka walitegemea video na ujumbe wa sauti wa WhatsApp kutoka kwa jamaa waliotangulia, ambazo zilitaja kizuizi, idadi ya askari na upande moshi wa gesi ulikoelekea.

Barabara ya juu ndiyo sura ya karibuni zaidi. Nairobi Expressway, yenye urefu wa takriban kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi makutano ya James Gichuru kwenye Waiyaki Way, ilifunguliwa kwa majaribio tarehe 14 Mei 2022 na kuzinduliwa rasmi na Rais Uhuru Kenyatta tarehe 31 Julai. Katikati ya jiji na Westlands inapita juu ya nguzo, moja kwa moja juu ya njia ya zamani. Kwa dereva hizo ni barabara mbili zisizofanana hata kidogo: chini ni mizunguko na matatu, juu ni mwendo wa kasi unaolipiwa. Kwa setilaiti ni kama mstari mmoja. Kosa la mita chache kwa upande latosha kuzichanganya, na kipimo cha kimo cha GPS huwa dhaifu kuliko cha mahali. Hivyo kifaa kinaweza kutoa ilani ya foleni ya Museum Hill kwa mtu anayepita hewani bila kizuizi, au kumshauri aliye chini atoke kwenye njia ya kutokea ambayo iko juu ya kichwa chake.

Expressway pia imeiletea Nairobi ETC yake. Kampuni ya Moja Expressway inayoiendesha hupokea pesa taslimu na kadi za kulipia awali, na kwa wanaotaka kupita bila kusimama hutoa kijisanduku cha kubandikwa kwenye kioo cha mbele. Kijisanduku kilichokuja na gari kutoka Japani hakitambuliwi langoni. Gari la Kijapani lenye vijisanduku viwili sasa hupita lango la Westlands likiwa limelipiwa na kimoja, huku cha pili kikiendelea kutangaza kwamba kadi haijachomekwa.